Marehemu Felisiani, Yaani Mimi

Alhamisi, 3 Julai 1980. Karatu.

Nimeamka nikakuta santuri yangu imefunika ndoo ya maziwa. Santuri yangu! Sahani kubwa ya nyimbo kumi, "Felisiani Mwenyewe", iliyorekodiwa Nairobi mwaka 1974. Soul na rithimu na bluzi tupu. Gitaa langu, sauti yangu, jasho langu. Siku ile fundi mitambo alilia mpaka nyaya zikapiga shoti. Leo inazuia nzi.

Nimemuuliza mke wangu Cresensia kama amepungukiwa na mifuniko. Akasema mifuniko ipo, ila hii inakaa vizuri zaidi.

Hakuishia hapo. Mahindi yanaingia tarehe ishirini, chumba cha nyuma ni cha mahindi, kwa hiyo maboksi yako ya santuri yatoke, Baba Lusia. Yasipotoka atazilainisha santuri motoni azikunje ziwe bakuli, kama dada yake wa Oldeani alivyofanya na za mumewe. Bakuli! Watu wale uji kwenye wimbo wangu wa nne!

Zilichapwa mia tatu. Zimetoka kumi na moja, mbili zikarudi. Kosa si la muziki. Redioni waliniambia huu si utamaduni wetu, nikawauliza tangu lini kuumia moyo kukawa kwa wageni peke yao. Vijana nao wanataka rumba.

Hawajui wanachokosa. Utamu uko mwishoni. Kila wimbo ukiisha, gitaa linanyamaza, halafu nalitoa jina langu kutoka tumboni: Fe-li-sia-niii! Mara kumi. Wamarekani weusi wanafanya hivyo, lakini hakuna aliyefikisha kumi. Nilitaka kitu kimoja tu duniani, watu wengine nao waliite. Hapa mtaani mimi ni Baba Lusia, au Mjomba. Kazini mimi ni Dereva, maana naendesha lori la unga kwenda Kakesio. Jina langu lenyewe linaishi kwenye santuri tu.

Jioni nimepita baa ya Apolinari, yule mtu wa Rombo anayejiona kaleta ustaarabu Karatu. Watu wamejaa mpaka dirishani. Kisa? Kuna mwimbaji kafariki Arusha wiki iliyopita, na Apolinari anapiga nyimbo zake tangu mchana. Wanaume wazima wanafuta machozi. Nyimbo zilezile walizokuwa wakizizomea!

Apolinari akaniambia mbele ya watu kwamba Mjomba, muziki wako nao una kasoro moja tu. Nikauliza ipi. Akasema mwenyewe bado anakunywa bia.

Baa nzima ikacheka. Mimi sikucheka. Wazo limenigonga kichwani kama boneti la lori.

Ijumaa, 4 Julai

Nimepima pande zote. Kufa Karatu haiwezekani, kila Jumanne naonekana kwenye foleni ya sukari. Kakesio inawezekana. Kule ni wafugaji, wananijua kama Dereva tu. Picha ya jalada inanionyesha na nywele kama mzinga wa nyuki na miwani myeusi. Sasa kichwa kinang'aa na tumbo limekuja kidogo. Hata mama yangu angeuliza huyu kijana nani.

Kesho ni siku ya mnada. Nimepakia santuri arobaini chini ya unga. Betri ya lori itaendesha gramafoni. Mtu mmoja, akili moja, kifo kimoja!

Jumapili, 6 Julai

Zimekwisha! Zote arobaini!

Niandike kwa utaratibu. Jana nimepanda kupitia lango la hifadhi alfajiri. Ukingoni mwa kreta, lile shimo kubwa la volkano, ukungu ulikuwa mzito, nikaendesha kwa kusikiliza. Wengine wangerudi. Mimi nimewahi kuendesha pale nimefumba macho kwa sababu kuyafumbua hakukuwa na faida.

Kakesio mnadani nimefungua pazia la lori, nimeweka gramafoni juu ya magunia, nikatangaza. Mpiga gitaa mkubwa amefariki. Hizi ndizo santuri zake za mwisho. Wakauliza amekufaje. Sikuwa nimeandaa, lakini kipaji ni kipaji. Nikasema nyati. Alikuwa anapiga gitaa karibu na msitu, nyati akatoka kusikiliza, akapenda, akasogea mno.

Kasaine, mwenye duka pale, akavua kofia. Mama yake, bibi kizee Nosim, akauliza kama marehemu ameacha mtoto. Nikasema binti mmoja, anaitwa Lusia. Akatema mate kidogo kumbariki. Nimekaribia kulia. Nimejililia mwenyewe!

Wakachukua zote. Wengine walitoa fedha, mmoja ngozi, mmoja asali, Kasaine mbuzi. Gramafoni Kakesio ni tatu tu. Waliobaki wamesema watakwenda kusikilizia dukani kwa Kasaine, ila kila boma liwe na yake kwa heshima.

Jambo moja limenishangaza. Nilikuwa naliita jina kwa nguvu, Felisiani huyu, Felisiani yule, nikingoja waitikie kama watu wa mnadani wanavyoitikia. Hakuna aliyelirudia hata mmoja. Kila nikilitaja wanatazama chini. Huzuni, nadhani.

Jumatatu, 7 Julai. Sabasaba.

Sikukuu. Nimeingia kwa Apolinari na mbuzi, ili aone. Akauliza mbuzi wa nini. Nikasema ni wa muziki. Akasema basi mbuzi hana masikio. Wivu!

Cresensia kauliza nimeziuzaje arobaini kwa siku moja. Nimemjibu kwamba kuna watu wanajua thamani. Amenitazama kama anavyotazama maziwa yanapotaka kumwagika.

Zilizobaki nazipeleka kidogo kidogo. Marehemu anaweza kuwa na santuri za mwisho nyingi tu.

Alhamisi, 10 Julai

Nina hasira.

Jana nimefika Kakesio na maboksi mawili. Nje ya duka la Kasaine wamekaa watu kama thelathini, wamejifunga shuka mpaka kidevuni kwa baridi, kimya, wanasikiliza santuri yangu. Thelathini! Nimesimama pembeni nimejaa kama gunia. Wimbo wa kwanza ukafika mwisho, gitaa likanyamaza, nikavuta pumzi tuitane.

Tk.

Kimya. Tk. Wimbo wa pili.

Nikadhani sindano. Wimbo wa pili ukaisha. Tk, kimya, tk. Na wa tatu. Nikamvuta Kasaine kando nikamwambia gramafoni yako mbovu. Akanisogeza mbali zaidi na kusema kwa sauti ya chini kwamba si mbovu. Marehemu haitwi jina. Kwao hivyo ndivyo ilivyo. Mtu akishaondoka jina lake linaachwa lilale, na huyu alikuwa anajiita mwenyewe mara kumi, jambo la kutisha kabisa. Kwa hiyo wazee wamekaa Jumapili, wakaamua kila mwenye santuri alete, na pale penye jina pakwaruzwe kwa mwiba. Zote arobaini zimekwaruzwa alasiri moja. Kwenye majalada wamepaka masizi. Hata katekista wao, aliyebatizwa jina hilohilo, sasa anaitwa Katekista tu na amekubali.

Akaniomba kwa adabu: Dereva, ulilitaja sana Jumamosi. Tulikusamehe kwa kuwa wewe ni mgeni. Sasa umeshajua.

Pale ndipo nilipoweka roho yangu! Kumi! Kwa mwiba!

Nimerudi na maboksi yote mawili. Sikuuza hata moja. Nilikuwa na hasira mno hata nisiweze kuuza.

Ijumaa, 11 Julai

Nilisema nijitulize na santuri safi. Nimetoa moja kwenye boksi ambalo halijafunguliwa tangu 1974, gundi ya Nairobi bado ngumu juu yake. Cresensia alikuwa shambani. Mchana, jua kidogo, kuku uani.

Wimbo wa kwanza umeisha. Kimya. Hakuna tk. Kimya tu, laini, halafu wimbo wa pili.

Nimeiinua nikaitazama juani. Hakuna mkwaruzo. Mistari yote imepita pale vizuri, inang'aa. Nimepiga tena. Kimya. Nimefungua ya pili. Kimya. Ya tatu, ya nne, ya tano, mpaka betri imechoka. Nyimbo zipo, gitaa lipo, hata kiti kinacholia kwenye wimbo wa sita kipo. Mimi sipo.

Na nimetega sikio karibu kabisa na spika. Ndani ya kile kimya kuna pumzi. Mtu anavuta hewa, kama anataka kuita. Halafu haiti.

Cresensia amerudi na kapu lake, akasikiliza kidogo mlangoni, akasema siku hizi umeirekebisha, imekuwa nzuri.

Siogopi. Naandika tu kwamba nimefunika maboksi kwa turubai na kuweka jiwe juu yake.

Jumapili, 13 Julai

Kanisani wamesoma majina ya kamati ya mavuno. Josephati, Raphaeli, Antonia. Wanne tulichaguliwa. Wamesoma watatu. Baada ya ibada nimeomba nione karatasi. Pale penye la nne maji yameingia, wino umeenea kama wingu. Katibu akasema samahani Mjomba, andika tena. Akanipa kalamu. Watu walikuwa wengi nyuma yangu, nikaandika Baba Lusia.

Nimekwenda moja kwa moja kwa Apolinari. Nimemwambia anitaje jina. Akasema Mjomba, asubuhi yote hii umeshaanza kunywa? Nikasema sicheki, jina langu. Akasema Baba Lusia. Nikasema hilo ni la binti yangu, langu mimi! Akafungua mdomo. Akakuna shingo. Akasema subiri, linakuja, lipo hapa hapa. Akawauliza wateja. Mmoja akasema si anaanzia na... akaishia hapo. Wakaanza kubishana, kisha wakanitazama. Wanaume wanane, na hakuna aliyecheka. Apolinari hajawahi kukosa neno la kunichoma tangu nimjue. Leo ameniwekea soda bila kudai hela, akaniomba nikanywee nje.

Nyumbani nimemwomba Cresensia. Miaka ishirini hajawahi kuniita jina, ni heshima, na mimi sikuwahi kudai. Leo nimedai. Nimesema mara moja tu, Mama Lusia, nisikie. Ameona uso wangu, hakubisha. Akafuta mikono kwenye kanga. Akafungua mdomo, akavuta pumzi.

Ile pumzi! Ndiyo ile ya kwenye santuri!

Akakaa hivyo. Halafu akasema chungu kinaungua, akatoka mbio. Hapakuwa na chungu motoni.

Jumatano, 16 Julai. Kakesio.

Niliamua kuja kukiri. Mtu akijiua kwa mdomo, ajifufue kwa mdomo. Hesabu rahisi.

Jana saa nne asubuhi nilikuwa ukingoni mwa kreta. Ukungu tena, miti imesimama na ndevu zake za kijivu, inadondosha maji. Rejeta ikachemka. Nikasimamisha, nikazima, nikashuka na dumu. Hakuna ndege wala upepo.

Ndipo nikaitwa.

Chini kabisa, ndani ya kreta, mbali. Sauti yangu. Jina langu lote, kutoka tumboni, lile la wimbo wa kwanza. Likaisha. Kisha la wimbo wa pili, lile ambalo nilikohoa kidogo mwanzoni na fundi akakataa kurudia kwa kuwa muda wa studio umekwisha. Kikohozi kipo! La tatu. La nne. Yanakuja kwa mpangilio wa santuri, bila gitaa, bila ngoma, majina matupu katika ukungu, mpaka la kumi. Nimehesabu kwa vidole.

Halafu kimya. Kinangoja.

Mwenye akili asingejibu. Mimi nimejibu. Nimesema naam, kwa sauti kubwa, kwa sababu miaka sita nimengoja kuitwa na sikuwa na jibu jingine kinywani.

Likaitwa tena. Sasa si chini kwenye kreta. Nyuma ya lori.

Dumu limebaki barabarani. Sijui nimewashaje. Kuanzia pale mpaka nilipotoka kwenye ukungu sikutazama kioo, na mimi ndiye dereva ninayewafundisha wengine kutazama kioo.

Kakesio nimeruka chini nikasema mbele ya duka, mbele ya wote: ni mimi! Marehemu ni mimi! Nyati ni uongo! Kasaine akaleta jalada, akafuta masizi kwenye uso, akaliweka karibu na kichwa changu. Wakatazama mzinga wa nywele, wakatazama upara. Wakatikisa vichwa kwa huruma. Kasaine akanishika bega, akasema Dereva, kilio kimekuingia, kaa unywe chai. Nikasema nileteeni gitaa basi! Hawana gitaa Kakesio.

Ni Nosim aliyenyanyuka. Akachukua mkono wangu wa kushoto, akapapasa ncha za vidole, kimoja baada ya kingine. Sugu zote zipo, sugu za nyaya za gitaa haziondoki. Akazipapasa kwa muda mrefu. Akasema Kimaasai, Kasaine akatafsiri, na safari hii Kasaine mwenyewe alikuwa amepauka. Mama anasema ni yeye. Mama anauliza, je, umeitwa njiani?

Nikasema ndiyo.

Je, umejibu?

Nikatazama viatu vyangu. Bibi akaguna kama mtu aliyepewa mzigo siku ya mapumziko.

Alisema hivi, naandika vizuri nisisahau. Jina nimelizika mwenyewe, kwa mdomo wangu, mbele ya watu, na watu wakalizika kwa nia njema. Limekubali. Halitoki tena, na likitoka halitakuja peke yake. Dawa ni kuliacha kule liliko na kuchukua jingine. Nisilidai, nisilitaje, na juu ya yote nisirudie tena mchezo wa kufa. Jina la kwanza lilipata pa kulala kwa sababu lilikuwa peke yake. La pili halitakuwa na nafasi, litamtafuta mwenyewe limchukue.

Leo wamenifanyia. Wamenyoa nywele chache za kisogoni, wamechinja, nimepewa maziwa. Nosim amenipa jina. Tajewo. Halafu watu wakaniita mmoja mmoja, wazee, akina mama, Katekista naye. Tajewo! Nami naitika. Tajewo! Naitika. Watu wazima, wanaliita jina, wananitazama usoni!

Nimelia. Wameona ni moshi.

Jumapili, 20 Julai. Karatu.

Ukungu ukingoni ulikuwepo wakati wa kurudi, lakini hakuna aliyeniita. Dumu langu nimelikuta katikati ya barabara, limejaa maji mpaka juu. Sikulichukua.

Mahindi yameingia chumbani leo. Maboksi yako nje chini ya upenu. Cresensia amenipa wiki moja zaidi, nadhani kwa kunihurumia, kisha moto. Nimemweleza jina jipya. Amesema yeye aliolewa na mtu mwingine na alikuwa ameshamzoea, lakini atajitahidi. Baada ya muda nikamsikia jikoni akilijaribu peke yake, polepole, Tajewo, Tajewo, kama anayepima chumvi.

Apolinari kasema nimekuwa Mmaasai wa kwanza mwenye tumbo. Nikashukuru Mungu, karudi katika hali yake. Jana mbele ya baa nzima amepaza sauti: Tajewo, toa mguu kwenye kreti langu! Nimeacha mguu palepale ili arudie.

Kwa hiyo kila kitu ni sawa. Hata santuri. Nimefikiri kwa kina. Hazina jina ndani, basi zinaweza kuwa za yeyote. Nimechukua kalamu nikaandika "Tajewo, Mdogo Wake Marehemu" kwenye majalada yote. Mdogo mtu! Anapiga gitaa kama kaka yake, ila ana huzuni zaidi. Nimeuza hapa mtaani siku nne mfululizo. Nimepiga moja kwa Apolinari, nimepiga moja sokoni.

Zimetoka mbili.

Mbili! Hai, mzima, ana jina zuri, watu wanamwita, na zimetoka mbili. Marehemu alimaliza arobaini kabla ya saa saba mchana.

Nimekumbuka maneno ya Nosim, yote, niliyaandika vizuri. Ni mama mwenye busara. Lakini alikuwa anazungumzia kufa. Hakugusia kuugua.

Jumatano napeleka unga Endulen, kule hawamfahamu Tajewo kabisa. Sitasema amefariki. Nitasema hali yake si nzuri. Kifua. Madaktari wamekuna vichwa. Wenye kutaka santuri wasichelewe. Nimefanya mazoezi ya kuleta habari hiyo mbele ya kioo cha lori hapa uani, uso umekaa vizuri sana, na nikamaliza kwa kukohoa kidogo ili waone jinsi ugonjwa wenyewe ulivyo.

Kuna mtu amekohoa chini ya upenu, kwenye maboksi. Kuku, bila shaka.